Marejeo ni Ngamani: Wasomi Weusi wa Marekani na Somo Lao kwa Pwani Yetu

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mwenye kuruzuku mali na elimu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, nawe mama uliyelishika jarida hili. Kila mwaka katika mitaa yetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, hupatikana nyumba iliyopokea habari ya furaha: kijana wa nyumba hiyo, na mara nyingi ni binti, ameitwa chuo kikuu. Vigelegele hupigwa. Mjomba huleta chake, jirani huleta chake, mama huuza bangili, na binti hupanda basi na sanduku lake. Hayo ni mambo mema na tunamshukuru Mola kwayo. Lakini mchango wetu aghalabu huwa ni wa siku ya kuondoka. Ufikapo muhula wa tatu au wa nne, ada inapodaiwa tena na kodi ya chumba imepanda, hapana anayeuliza. Binti hurejea nyumbani kupumzika kidogo, na mapumziko hayo yakawa ndiyo mwisho wa masomo. Hakushindwa na mtihani. Ameshindwa na kiasi cha fedha ambacho pengine kisingetosha chakula cha usiku mmoja wa arusi.

Swali la makala haya ni hili: ni nani wa kumfuata mwanafunzi baada ya vigelegele kunyamaza? Jibu langu ni kuwa wa kwanza kabisa ni yule aliyekwisha kuipita njia hiyo, aliyesoma, akahitimu, akapata kazi. Wazee wetu wa baharini walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msomi naye ana ngama yake, nayo ni pale alipotoka. Na kwa kuwa hekima huchukuliwa popote inapoonekana, leo natazama ng'ambo ya bahari kwa watu waliolijaribu jambo hili kwa zaidi ya karne moja, nao ni Wamarekani Weusi na vyuo vyao.

Watu waliokatazwa kusoma

Hatutaufahamu uchungu wao wa elimu mpaka tukumbuke walikotoka. Miongoni mwa Waafrika waliouzwa Marekani walikuwamo Waislamu, na miongoni mwa Waislamu hao walikuwamo wanachuoni. Mmoja ni Omar ibn Said, mtu wa Futa Toro, katika nchi ambayo leo ni Senegal. Alikuwa ametafuta elimu kwa miaka 25 kabla ya kutekwa mwaka 1807 na kuvushwa bahari. Akaishi katika utumwa zaidi ya nusu karne, sehemu kubwa ya umri huo katika jimbo la North Carolina. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, na hati hiyo ya mkono wake imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Sasa lizingatie hili. Katika jimbo hilohilo, na katika kikao cha bunge lake cha mwaka 1830, ilipitishwa sheria ya kukataza watumwa wasifundishwe kusoma na kuandika. Mtu aliyekuja na elimu ya miaka 25 alikuwa akiishi katika nchi iliyoona kuwa kumfundisha mtoto wa mtumwa herufi ni kosa la kuadhibiwa. Hivyo ndivyo watu walivyokatwa na elimu yao: si kwa uvivu wala kwa kutopenda kusoma, bali kwa amri.

Utumwa ulipokomeshwa nchini humo mwaka 1865, watu hao walikimbilia kusoma kama mwenye kiu akimbiliavyo kisima. Kwa msaada wa makanisa, wamisionari na michango ya waliotoka utumwani wenyewe, vyuo vikaanza kuchipuka. Fisk kilianza mjini Nashville mwaka 1866, Howard mjini Washington mwaka 1867, Bennett mjini Greensboro, North Carolina, mwaka 1873, na Spelman, chuo cha wanawake mjini Atlanta, mwaka 1881, kikiwa na wanafunzi 11 katika chumba cha chini cha kanisa. Kilichowatangulia hawa ni Lincoln cha Pennsylvania, kilichoasisiwa mwaka 1854. Leo vyuo vya namna hii vinakaribia 100.

Vyuo hivyo vilizaliwa maskini, na wahitimu wake nao hawakuwa matajiri. Mwalimu Mweusi alilipwa chini ya mwenzake Mzungu, na daktari Mweusi alifungiwa milango ya hospitali nyingi. Chuo cha Wazungu kilikuwa na wahitimu wenye viwanda na mabenki. Chuo cha Weusi kilikuwa na wahitimu walimu, wachungaji na wauguzi. Kwa hiyo hapakuwa na njia ila kutoa kidogo, kutoa mara kwa mara, na kutoa kwa pamoja.

Mwaka 1943, Frederick D. Patterson, aliyekuwa mkuu wa chuo cha Tuskegee, aliandika katika gazeti la Weusi liitwalo Pittsburgh Courier akivishauri vyuo hivi viache kupiga hodi kila kimoja peke yake, viungane katika kuomba. Mwaka uliofuata, 1944, vyuo 27 vikaunda mfuko wa pamoja unaojulikana kwa herufi za UNCF. Mfuko huo upo mpaka leo na umewasomesha vijana wengi mno. Akili ya jambo hilo ni ile tuijuayo sote, kuwa haba na haba hujaza kibaba, ila wao walikipata kibaba, wakamweka na wa kukishika.

Mwito wa mabinti wa Bennett

Kisa ninachopenda kina mama wakisome kwa utulivu ni cha chuo cha Bennett. Tangu mwaka 1926 chuo hiki kimekuwa cha wanawake. Mwaka 1960, vijana wa Greensboro walipoanza kukaa katika meza za maduka yaliyokataa kuwahudumia Weusi, mabinti wa Bennett walikuwa miongoni mwao, na wengi walitiwa gerezani. Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa mwanamke, Willa Player. Hakuwafukuza wala hakuwakana. Aliwatembelea kizuizini, na akapanga walimu wawapelekee masomo na mitihani hukohuko, ili kufungwa kusiwe sababu ya kukosa shahada. Huo ndio ulezi. Binti aliyelelewa hivyo hakisahau chuo chake.

Na kweli, siku ilifika ya kukumbuka. Desemba 2018 chuo kiliambiwa kuwa kitanyang'anywa ithibati, yaani kule kutambuliwa rasmi ambako bila kwako wanafunzi wake hawapati misaada ya serikali kuu na shahada yake hupungua thamani. Elimu yake haikulaumiwa. Kilicholaumiwa ni udhaifu wa fedha. Wakuu wa chuo wakatangaza kuwa wanahitaji dola milioni 5 kufikia mwanzo wa Februari 2019, muda usiozidi miezi miwili. Wahitimu wakaitana. Aliyekuwa mwalimu New York alimwita mwenzake wa Atlanta. Bibi wa miaka themanini alimwita mjukuu wa rafiki yake. Makanisa yakachangia, vyuo vingine vikachangia, na watu wasiowahi kukiona chuo hicho wakachangia. Hesabu ilipokamilika, jumla ilikuwa dola milioni 9.5.

Rufaa yao ya kwanza ilikataliwa hata hivyo. Wakaenda mahakamani, ithibati ikasimama kwa amri ya mahakama, na baadaye wakapata kutambuliwa na chombo kingine. Chuo hakikufungwa. Nalisema hili ili tusidhani kuwa mchango peke yake humaliza kila jambo. Mchango uliwapa muda na nguvu za kusimama, na subira ikafanya iliyobaki.

Upande wa pili wa sarafu tuuone katika chuo cha Morris Brown, mjini Atlanta, kilichoasisiwa na kanisa la Weusi mwaka 1881. Hiki kilipoteza ithibati mwishoni mwa mwaka 2002 kwa madeni na usimamizi mbaya wa fedha. Wanafunzi waliokuwa maelfu wakabaki makumi. Kwa miaka takribani ishirini kilibaki kama nyumba yenye taa moja, kikishikiliwa na kanisa lake na wahitimu waliokataa kuizima taa hiyo, mpaka kikarejeshewa ithibati mwaka 2022. Mafunzo hapa ni mawili. Mapenzi ya wahitimu yanaweza kukiweka chuo hai. Lakini mapenzi yasiyo na hesabu huweza kukifikisha chuo ukingoni mwa kaburi. Mali ya wanafunzi ni amana, na amana haina mchezo.

Sarafu kumi za mfuaji nguo

Pengine mama mmoja atasema: hayo ni ya wasomi, mimi sikusoma, nina nini cha kutoa? Basi na asikie habari za Oseola McCarty wa mji wa Hattiesburg, Mississippi. Alizaliwa mwaka 1908. Alipofika darasa la sita aliacha shule ili amuuguze shangazi yake, wala hakurudi. Kwa zaidi ya miaka sabini alifua na kupiga pasi nguo za watu, akiweka akiba kidogo kidogo katika benki. Mikono ilipochoka, mtu wa benki aliweka sarafu kumi mezani, kila moja ikiwa sehemu moja ya kumi ya mali yake, akamwuliza azigawe vipi. Sarafu moja aliipa kanisa lake, tatu aliwapa jamaa zake watatu, na sita zilizobaki alizielekeza kwa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, kilichokuwa karibu na kwao. Mwaka 1995 ikatangazwa kuwa sarafu hizo sita ni dola 150,000, za kuwasomesha vijana wasio na uwezo, hasa Weusi.

Chuo hicho hakikuwa cha Weusi. Mpaka mwaka 1965 hakikumpokea mwanafunzi Mweusi hata mmoja, na bibi huyo aliishi mtaa wa karibu nacho sehemu kubwa ya umri wake. Angeweza kukinunia, na angekuwa na haki. Badala yake aliwatazama watoto watakaoingia mlango ambao yeye alifungiwa. Wengine walipoiona sadaka hiyo wakaongeza zao. Alifariki mwaka 1999, nao wanafunzi waendelea kusomeshwa kwa jina lake.

Sisi Waislamu tunalijua jambo hili kwa jina lake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mja anapokufa amali yake hukatika isipokuwa kwa njia chache, na miongoni mwazo ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha watu. Anayemsomesha mwanafunzi ameziunganisha zote mbili katika kitendo kimoja. Na historia yetu yasimulia kuwa msikiti na chuo cha Qarawiyyin, huko Fez, Moroko, chanzo chake ni mwanamke, Fatima al-Fihri, aliyetoa mali ya urithi wake mwaka 859. Basi si jambo geni kwa mwanamke wa Kiislamu kuwa mlezi wa wasomi.

Mnyororo uliofika Afrika

Kuna faida nyingine ya mhitimu kuliko mfuko wake, nayo ni kumwonyesha njia anayefuata. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alikwenda Marekani mwaka 1925, akasoma Howard na kisha Lincoln. Aliporejea Afrika Magharibi na kuhariri gazeti mjini Accra, kijana mmoja mwalimu alivutwa na mfano wake. Mwaka 1935 kijana huyo naye akaingia Lincoln. Jina lake ni Kwame Nkrumah. Azikiwe baadaye akawa mwasisi wa Chuo Kikuu cha Nigeria pale Nsukka, kilichofunguliwa mwaka 1960.

Kwetu Kenya, Peter Mbiyu Koinange aliingia chuo cha Hampton, Virginia, mwaka 1927, katika chuo kilichojengwa kwa ajili ya watoto wa waliokuwa watumwa. Aliporudi nyumbani hakuridhika na kuwa msomi peke yake kijijini. Mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu cha Githunguri chini ya uongozi wake, kilichojengwa kwa michango ya wananchi. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952. Miaka saba baadaye, mwaka 1959, Tom Mboya alifanikisha safari ya ndege ya wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda Marekani. Walioweka saini zao katika barua ya kuwaombea nauli ni Weusi mashuhuri watatu: mwanamichezo Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Hawakuwajua vijana hao, lakini walijua maana ya mlango kufungwa.

Na sisi je?

Pwani yetu haikukosa mfano wake. Chuo cha Kiislamu cha Mombasa, kilichojulikana kwa herufi za MIOME, kilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Kibohora na serikali ya wakati huo, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze ufundi. Leo majengo hayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilifi tuna Chuo Kikuu cha Pwani. Waliohitimu katika vyuo hivi na vinginevyo wamo bandarini, hospitalini, mashuleni, Nairobi, Muscat, Dubai na London. Wasomi si haba. Kilichokosekana ni uzi wa kuwashona pamoja.

Uzi huo si lazima uwe mkubwa. Kila mtaa au kila madrasa na iandike daftari la watoto wake waliofika chuo kikuu: nani, wapi, mwaka gani, na simu yake. Kila aliyehitimu na apewe mwanafunzi mmoja wa kumjua kwa jina. Ampigie simu mara moja kwa mwezi, amwulize masomo, chumba na chakula. Dada kwa dada na kaka kwa kaka, kwa heshima na mipaka yetu. Mara nyingi binti huacha masomo akiwa na aibu ya kusema. Mwenye kuulizwa kila mwezi husema mapema, na tatizo linalosemwa mapema huwa dogo.

Kisha uwepo mfuko wa dharura, mdogo lakini wa haraka. Chuo Kikuu cha Georgia State mjini Atlanta, ambako husoma Weusi wengi, kilianza mwaka 2011 kuwapa ruzuku wanafunzi waliokuwa karibu kuondolewa kwa deni dogo. Kwa wastani, kila mmoja hakuhitaji hata dola 1,000, na wengi wao wakafikia mahafali. Fedha ndogo iliyofika kwa wakati yashinda fedha nyingi iliyochelewa.

Kwetu kuna jambo la ziada. Wapo wazazi wanaosita kuchukua mkopo wa serikali wa elimu ya juu kwa kuogopa riba, na hofu yao ni ya dini, haifai kudharauliwa. Wala haitoshi kumwambia mzazi huyo usichukue, kisha tukaondoka. Mlango wetu ni qardhi hasana, mkopo mwema usio na nyongeza: wahitimu wamkopeshe, naye akipata kazi arejeshe kilekile, kimfae mwingine. Ama zaka, mwanafunzi aliye maskini ni maskini kabla ya kuwa mwanafunzi. Kila mmoja na amwulize mwanachuoni wake juu ya hali mahususi.

Nashauri pia mambo mawili ya adabu. La kwanza, fedha zilipwe chuoni moja kwa moja, zishikwe na watu watatu waaminifu, mmoja wao mwanamke, na hesabu isomwe mbele ya watu kila muhula. Tumesoma habari za Morris Brown, tusingoje yatufike. La pili, tusimpige picha mtoto akipokea msaada. Binti anayesimamishwa mbele ya kamera na karatasi ya hundi kubwa kuliko yeye huondoka na ada, akaacha utu wake jukwaani. Sadaka yenye masimango huharibu malipo ya mtoaji na moyo wa mpokeaji.

Nao wasomi wetu mliokwisha kufaulu, maneno yangu kwenu ni machache. Wenzenu wa Marekani kila mwaka, majira ya Oktoba, hurejea vyuoni mwao kwa siku maalumu za kukutana. Humo mna michezo na shamrashamra ambazo si zote zinatuhusu. Lakini liko moja lililo jema: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza humwona kwa macho yake jaji, mhandisi na daktari aliyelala bweni lilelile, akajua kuwa yawezekana. Sisi tuna Maulidi, tuna Idi, tuna likizo. Mjapo nyumbani siku hizo, kabla ya kurudi mliko, mwulizieni mtoto wa mtaa aliye chuoni. Kaeni naye saa moja. Mwambieni mlivyolala na njaa, mlivyorudia mtihani, mlivyovuka. Halafu mumwulize anadaiwa kiasi gani.

Na enyi kina mama wenye vyama vyenu vya kila wiki, mlio hodari wa hesabu kuliko wengi wetu, tengeni sehemu moja ndogo ya kila mchango kwa ajili ya binti mmoja wa mtaa, hadi ahitimu. Akihitimu, sharti lake liwe moja tu: naye ashike mkono wa mwingine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape waliotangulia moyo wa kurejea nyuma, azitakabali sadaka za wanaotoa kwa siri na kwa dhahiri, na awarehemu waliotusomesha sisi nao wakiwa na kidogo. Amin.